Robo Mzunguko

Feni nimeizima. Kiyoyozi nacho nimekizima,
maana moto haupimiki penye upepo,
na Agosti ya Wadi Kabiri imeingia jikoni mara moja
kama mgeni aliyesimama mlangoni kitambo
akisubiri tu nigeuke.

Jiko la mama lina macho manne.
Moja limekufa tangu harusi ya Azza.
La pili huwaka manjano, likazipaka sufuria masizi,
utadhani tunapikia kuni, huku ghorofa ya tatu.
La tatu halina neno.
La nne ndilo la wali, nalo ndilo jeuri:
kizungushe kitufe mpaka kigote,
bado linavuma kama linadai deni.

Ndiyo maana mama ana bati.
Alilikata mwenyewe kwenye kopo la samli
mwaka ule alipotoka eda,
akalipondaponda kingo kwa mchi lisimkate.
Hulilaza juu ya moto, kisha sufuria.
Miaka kumi na moja wali wetu umekaukia juu ya bati
na hakuna aliyeuliza.

Leo nimeuliza.

Nakichomoa kitufe; kinatoka na ute wa mafuta ya zamani.
Ndani ya kijiti cha shaba, kwenye tundu
ambalo hata bisibisi ya cherehani inaingia kwa kubembelezwa,
kuna skrubu.
Ndogo. Punje ya mtama.
Namulika kwa simu.
Kichwani ina mikwaruzo, mingi, mipole,
ya mkono uliokuja mara nyingi bila haraka.

Baba.
Baba ambaye hatukumwona hata kuchemsha chai.
Lakini kila Shaabani, mwezi ukikaribia kuandama,
alijifungia humu robo saa, akatoka anafuta vidole,
“Nimetazama mpira wa gesi,” akasema,
na sisi tukaamini ni mpira.

Nazungusha. Robo tu.
Moto unajikunja, unashuka, unakaa:
meno madogo ya buluu yamejipanga,
hata moja halimzidi mwenzake.
Kwa la pili nasukuma kilango cha hewa kwa ukucha,
anaanguka mdudu mkavu, na umanjano unakwisha
hivyo hivyo, kama uongo uliokosa wa kuusikiliza.

Naita. “Mama, njoo uone!”

Anakuja na kanga begani.
Macho yake ni mawili: moja limefanywa Khoula,
la pili anasema lisubiri, halina haraka nalo.
Anasimama. Hainami.
“Umelizima.”
“Sijalizima, tazama.”
“Sitazami. Nasikiliza.”

Hapo tena nikanyamaza na mimi.
Chini gari la gesi linapita, mvulana anagonga mitungi kwa spana,
ngwe, ngwe, ngwe, mpaka linakata kona ya msikiti.
Jasho linanishuka mgongoni.
Jikoni hakuna sauti.

“Baba yako hakuuacha bubu,” anasema.
“Aliuacha unanong'ona. Nikiwa chumbani naswali
nilijua wali umefika wapi.”

Basi narudi kwenye tundu.
Unywele mmoja kushoto.
“Bado.”
Mwingine.
“Bado... usiukimbize, Thuwaiba... bado...
hapo.”

Nami nausikia sasa,
ule usemi mwembamba wa utotoni
nilioudhani ni wa nyumba yenyewe.

Anapachika sufuria ya nazi juu ya moto mtupu.
Anafunika. Anaweka kiganja juu ya kifuniko,
anakitoa, anakirudisha.
Bati liko mezani, jeusi, limejikunja kwa moto wa miaka.
Nalichukua nikalitupe.

“Lete hapa,” anasema, hajageuka.
“Skrubu hulegea.”

Akalifuta kwa upindo wa kanga, pande zote mbili,
akalitundika msumarini pake.